Shangazi ameanguka katika ukumbi wa kanisa: nani abebe gharama?

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni katibu wa kamati ya majengo katika usharika mmoja hapa Tanga mjini. Ninakuandikia kwa ridhaa ya mchungaji wetu, kwa sababu jambo ninalolieleza limewagawa wazee wa kanisa kiasi kwamba tumekaa vikao viwili bila kufikia uamuzi.

Kando ya kanisa letu tuna ukumbi unaochukua watu 350, uliojengwa kwa harambee za miaka mingi. Ulikusudiwa kwa semina, mafundisho ya kipaimara na mazoezi ya kwaya, lakini kwa miaka mitano sasa tumekuwa tukiukodisha kwa harusi karibu kila Jumamosi, ukiacha kipindi cha Kwaresima. Wanaokodi ni washarika wetu pamoja na majirani wa dini zote, na kodi yao ndiyo inayomlipa mlinzi, mhudumu wa usafi na sehemu ya umeme wa kanisa.

Mwanzoni mwa msimu wa machungwa mwaka huu tulikuwa na harusi ya kijana wa usharika wetu. Ibada ilikwisha salama na wageni wakahamia ukumbini. Yapata saa mbili na nusu usiku umeme ulikatika, mlinzi akawasha jenereta la kanisa, na baada ya dakika chache taa za ndani zikarudi. Kumbe mpambaji aliyeletwa na kamati ya harusi alikuwa ametandaza waya tangu mchana, kutoka kwenye jenereta hadi kwenye taa zake za rangi, akaupitisha kwenye ngazi ya pembeni, kisha akaufunika kwa zulia jekundu ili usionekane katika picha. Shangazi wa bwana harusi, mama wa miaka 61 anayefanya biashara ya machungwa Muheza, alikuwa anatoka kwenda kuchukua dawa yake garini. Mguu wake ulinasa pale zulia lilipovimba juu ya waya, akaporomoka vidato vitatu na kuvunjika nyonga. Taa ya ngazi hiyo ilikuwa imeungua tangu kabla ya Pasaka, na mlinzi alikuwa ameliandika jambo hilo mara mbili katika daftari lake.

Mama huyo alipelekwa Hospitali ya Bombo usiku uleule. Mchungaji alikwenda kumwona siku ya pili na, kwa uchungu aliokuwa nao, akawaambia ndugu kwamba kanisa litagharamia kila kitu. Sasa familia imetuletea barua ya madai ya shilingi 9,400,000: matibabu 3,150,000, usafiri na mtu wa kumwuguza 850,000, na 5,400,000 za biashara aliyoikosa msimu wote.

Mzee wetu mmoja anasema kanisa ni nyumba ya Mungu na halishtakiwi. Mwingine anataka tuache kabisa kupokea harusi ukumbini. Wa tatu anashauri tubandike tangazo mlangoni kwamba uongozi hautahusika na ajali yoyote. Mimi nilikwenda kabatini nikaitoa hati yetu ya bima ya moto, ambayo imekatwa kwa jina la usharika, na katika fomu ya maombi, mahali palipoulizwa jengo linatumika kwa shughuli gani, nikakuta pameandikwa kwa mkono neno moja tu: "Ibada". Mkataba wetu wa kukodi ukumbi ni wa ukurasa mmoja, umesainiwa na mwenyekiti wa kamati ya harusi, na unazungumzia uharibifu wa viti na vyombo. Kuhusu watu haukusema lolote.

Je, kanisa linawajibika? Bima yetu italipa? Na tufanye nini na harusi tisa ambazo zimekwisha kupangwa kabla ya Krismasi?

Katibu wa Kamati ya Majengo, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza mfikishieni mama huyo pole yangu. Mtu wa umri wake aliyevunjika nyonga hana safari fupi mbele yake, na naomba kila mtakalolijadili kikaoni mlijadili mkikumbuka kwamba yupo kitandani na msimu wake umempita.

Swali lako la kwanza nitalijibu bila kuzunguka. Ndiyo, kwa maelezo uliyonipa, kanisa lina sehemu ya kosa. Mzee anayesema kwamba nyumba ya Mungu haishtakiwi anasema kwa heshima ya madhabahu, nami naiheshimu heshima hiyo, lakini sheria haimfuati. Mali za makanisa mengi nchini zimo katika jina la wadhamini waliosajiliwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya usajili wa wadhamini, Sura ya 318, na wadhamini hao ni mtu kamili mbele ya sheria: wanaweza kumiliki, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Usharika wenyewe, pamoja na kamati yenu ya majengo, kwa kawaida hauna hadhi hiyo. Kwa hiyo kesi ikifunguliwa, haitaandikwa jina lako wala jina la mchungaji peke yake. Barua itafika mezani kwa wadhamini, ambao huenda hadi leo hawajui kwamba ukumbi wao unapokea harusi kila Jumamosi.

Kuhusu wajibu wenyewe, kanuni inayotumiwa na mahakama zetu katika madai ya uzembe haina fumbo. Anayeshika na kusimamia mahali, akakaribisha watu waingie, anapaswa kuchukua uangalifu wa kawaida ili watu hao wasidhurike kwa hatari anayoijua au aliyopaswa kuijua. Hakuna anayelidai kanisa kwamba mtu asianguke kamwe. Kinachoulizwa ni kama mlijua na kama mlikuwa na nafasi ya kurekebisha. Daftari la mlinzi linajibu maswali yote mawili: taa imeandikwa mara mbili, Pasaka imepita, balbu haikubadilishwa. Waya chini ya zulia ni kosa la mpambaji, na ni kosa kubwa, lakini giza lililouficha ule uvimbe wa zulia lilikuwa lenu, na jenereta lilikuwa lenu vilevile. Mahakama inaweza kuwagawia uzito wa kosa kanisa na mpambaji, na hata kumpunguzia mdai kiasi fulani ikiona naye hakujiangalia, ingawa kwa mama aliyekuwa anatembea juu ya zulia lililotandikwa ili litembelewe, sioni hoja hiyo ikienda mbali. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3 tangu tukio. Msidhani kwamba familia ikikaa kimya miezi sita basi jambo limekwisha.

Sasa ule mkataba wa ukurasa mmoja. Una udhaifu wa aina mbili, na wa pili ndio unaonisikitisha zaidi kwa sababu nauona kila mahali. Udhaifu wa kwanza ni kwamba mkataba kati ya kanisa na anayekodi haumfungi shangazi, ambaye hakuusaini wala hakuuona. Hata kama ungeandikwa kwamba kamati ya harusi itabeba ajali zote, mama bado angekuwa na haki ya kuwadai ninyi, na ninyi ndio mngegeuka kuidai kamati iwarudishie. Hapo ndipo unapoingia udhaifu wa pili: kamati ipi? Kamati ya harusi ni watu waliokusanyika kuchangisha na kupanga, na siku ya kuvunja kamati wanakula, wanapongezana, wanatawanyika. Haina usajili, haina mali, na mwenyekiti aliyesaini atasema kwa haki kabisa kwamba alisaini kwa niaba ya kitu ambacho hakipo tena. Kuanzia leo mkataba usainiwe na mtu mwenye jina kamili na namba ya kitambulisho cha taifa, ambaye amekubali kuwajibika yeye binafsi: bwana harusi, mzazi, au yeyote mwenye uwezo. Na kwa upande wenu usainiwe na mtu aliyeidhinishwa kwa maandishi na wadhamini.

Tangazo la mlangoni nalo lisiwape usingizi. Tangazo linaloonya juu ya hatari fulani lina faida yake. Mkiandika "Angalia kidato" mahali penye kidato, mmewasaidia watu, na mmesaidika. Tangazo linalosema kwamba uongozi hautahusika na lolote halifuti uzembe wa uongozi, na maneno ya namna hiyo mahakama huyasoma kwa kumbana aliyeyaandika. Hali kadhalika kwa magari yanayoegeshwa uwanjani.

Nije kwenye bima, ambako naona ukumbi wenu ulibadilika kazi miaka mitano kabla ya karatasi kubadilika. Hati uliyoitoa kabatini ni bima ya moto. Bima ya moto hulinda jengo na vilivyomo dhidi ya moto na yale majanga yaliyotajwa ndani ya hati. Nyonga ya mgeni haimo. Kinachomhusu mgeni ni bima ya dhima kwa umma, yaani bima inayomlipa mtu wa nje anapoumia au mali yake inapoharibika kwa uzembe wa mwenye bima, na ambayo mara nyingi hubeba pia gharama za wakili wa kuitetea kesi. Kwa maelezo yako, hamna. Hata hivyo isomeni hati yote hadi ukurasa wa mwisho, pamoja na karatasi za nyongeza zilizobanwa nyuma, kwa sababu baadhi ya hati za majengo huwa na kipengele kidogo cha dhima ambacho mwenye bima hakukiona siku ya kulipa.

Na lile neno "Ibada" lililoandikwa kwa mkono linanitia hofu kuliko ajali yenyewe. Bima yoyote husimama juu ya nia njema ya hali ya juu: anayeomba bima anapaswa kuieleza kampuni kila jambo la msingi ambalo lingeifanya ipandishe ada, iweke masharti au ikatae. Jengo linalotumika kwa ibada na kwaya lina hatari moja. Jengo lenye mitungi ya gesi nyuma ya jiko, taa za mpambaji zilizounganishwa waya kwa waya, vitambaa vya dari, fataki za kukata keki na watu 350 waliokaa hadi usiku wa manane lina hatari nyingine kabisa. Siku ukumbi huo utakapoungua, hata kama utaungua Jumanne mchana pasipo harusi yoyote, kampuni itamtuma mpelelezi, naye atawauliza majirani ukumbi unafanya kazi gani, nao watamwambia ukweli. Kampuni itakuwa na sababu ya kukataa kulipa jengo lililojengwa kwa harambee za miaka mingi. Zaidi ya hayo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliyaingiza majengo ya biashara katika orodha ya yale yanayolazimika kukatiwa bima, na ukumbi unaoingiza kodi kila Jumamosi ni vigumu kuueleza kwamba hauna biashara ndani yake.

Jina pia lirekebishwe. Kama kiwanja na jengo ni mali ya wadhamini, na bima imekatwa kwa jina la usharika, kampuni inaweza kuuliza ni hasara gani usharika umeipata kwa jengo ambalo si lake. Hati iwe na jina la wadhamini kama lilivyo katika cheti chao, herufi kwa herufi, na usharika utajwe kama msimamizi wa jengo.

Basi andikeni barua kwa kampuni ya bima wiki hii, kupitia kwa wadhamini, yenye mambo mawili. La kwanza ni taarifa ya ajali: tarehe, saa, mahali, jina la aliyeumia, na nakala ya barua ya familia. Itumeni hata kama mnaamini haitalipwa, kwa sababu hati nyingi huweka sharti la kutoa taarifa mapema, na kimya chenu kinaweza kuwanyima hata kile kidogo ambacho kingelipwa. La pili ni kueleza matumizi halisi ya ukumbi na kuomba hati irekebishwe. Ada itapanda, na huenda wataleta mkaguzi. Mpokeeni. Kampuni ikiwatendea isivyo haki, mnaweza kulalamika kwa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, au kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini hakuna mlango wowote kati ya hiyo utakaowafaa ikiwa mlificha jambo.

Nafika kwa mchungaji wenu, na hapa naomba nieleweke vizuri. Kwenda hospitalini lilikuwa jambo la haki na la utu, na kanisa ambalo lingekaa ndani likisubiri wakili lingekuwa limepoteza kitu kikubwa kuliko shilingi milioni tisa. Lililozidi ni ahadi. Karibu kila hati ya bima ya dhima humkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na kama mngekuwa na bima hiyo, maneno "kanisa litagharamia kila kitu" yangeipa kampuni nafasi ya kujitoa. Kwa sasa, kwa kuwa bima haipo, ahadi hiyo imewapa ndugu matumaini ambayo mchungaji hakuwa na mamlaka ya kuyatoa, maana fedha za usharika si zake. Aendelee kwenda kumwona mama. Apeleke mkono wa pole, na kiasi kinachotolewa kiandikwe katika vitabu vya mhazini kama msaada wa pole usiohusu kukiri wajibu, na wanaokipokea wasaini. Kama mama ana bima ya afya, mwone nayo imelipa kiasi gani kabla ya kuhesabu matibabu.

Kuhusu zile shilingi 9,400,000, msizikatae wala msizikubali kwa jumla. Matibabu na usafiri ni fidia mahsusi, ambayo mahakamani hudaiwa kwa stakabadhi, moja baada ya nyingine. Ombeni stakabadhi hizo kwa heshima. Mapato ya machungwa pia yanadai ushahidi: daftari la biashara, wanunuzi wake, mauzo ya msimu uliopita. Mwanamke anayenunua machungwa shambani na kuyapakia kwenye lori alfajiri anaweza kuwa hana vitabu vya hesabu, lakini ana watu wanaomjua, na si haki kumnyima kwa sababu tu hakuandika. Kaeni naye pamoja na familia, wadhamini, na mpambaji. Nasisitiza mpambaji, kwa sababu nimeona katika barua yako kwamba hakuna aliyemwita. Mkikubaliana kiasi na mgawanyo, andikeni hati ya maridhiano mbele ya wakili, inayoeleza kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote ya tukio hilo, na mama aisaini baada ya kusomewa na mtu wake mwenyewe anayemwamini.

Na daftari la mlinzi lisiguswe. Ikiwa kuna mtu yeyote kikaoni amependekeza ukurasa ule uchanwe, au mlinzi aambiwe aseme kwamba taa ilikuwa inawaka, nakuomba wewe kama katibu ukatae na ukataaji wako uandikwe katika kumbukumbu. Pigeni picha kurasa zile, ngazi, zulia kama bado lipo, na mahali waya ulipopita. Andikeni majina ya walioona. Ukweli huo unawaumiza leo, lakini ndio unaoonyesha pia waya wa mpambaji.

Kuhusu harusi tisa zijazo, sikubaliani na mzee anayetaka milango ifungwe. Watu wataoa, na wasipopata ukumbi wenu watakwenda kwenye turubai barabarani ambako hakuna mlinzi wala daftari. Lakini kukatia bima kuwe sehemu ya gharama ya kukodisha, kama umeme na maji. Tuseme ada ya bima ya dhima kwa mwaka ni shilingi 600,000 nanyi mna harusi 40. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa kila harusi, bei ambayo hakuna familia itakayoikimbia. Ulizeni kampuni zaidi ya moja. Na mjue kwamba wakala wa bima anaifanyia kazi kampuni, wakati dalali wa bima anamtafutia mteja hati inayomfaa. Kwa jambo lenu ningemtafuta dalali mwenye leseni ya TIRA. Mwulizeni kikomo cha malipo kwa tukio moja na kikomo kwa mwaka mzima, kwa sababu paa likiwaangukia watu ishirini, kikomo cha tukio moja ndicho kitakachosema. Mwulizeni kama chakula kilichowadhuru wageni kimo, kama maturubai yanayosimamishwa uwanjani yamo, na kama kazi ya wapambaji na wapishi walioletwa na anayekodi imo, kwa maana hayo ndiyo yanayoachwa nje mara nyingi. Msihesabu kwamba mmekingwa mpaka ada imelipwa na hati iko mikononi mwenu.

Wapambaji na wapishi wenyewe wapo wachache wenye bima, na kuwalazimisha wote leo ni kuwafungia kazi vijana wa mtaani. Anayefanya kazi kama kampuni alete hati yake, jina la wadhamini liongezwe ndani yake kwa siku hiyo. Asiye na bima aweke dhamana ya fedha kwa mhazini, na kazi yake ikaguliwe na mtu wenu saa mbili kabla ya wageni kuingia. Katika mkataba mpya ningeweka maneno kama haya, wakili wenu ayarekebishe: "Mimi niliyetaja jina langu hapo juu nawajibika binafsi kwa madhara yatakayompata mtu au mali kutokana na kazi ya mtu yeyote niliyemleta ukumbini, na nitawarudishia wadhamini kiasi chochote watakacholazimika kulipa kwa sababu hiyo, isipokuwa pale madhara yametokana na uzembe wa wadhamini au watumishi wao." Sehemu ya mwisho msiifute kwa tamaa ya kujikinga zaidi. Mkataba unaombebesha bwana harusi hata balbu yenu iliyoungua hautasimama, na haustahili kusimama.

Mlinzi na mhudumu wa usafi ni wafanyakazi wenu. Hakikisheni wamo katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa kuwa bima ya dhima kwa umma haiwahusu. Msafara wa magari na lile gari la matarumbeta vina bima zao za barabarani, na havikuhusuni ilimradi gari la kanisa halimo. Ila watu wanaoning'inia nyuma ya pikapu wakishangilia wakatazeni tangu getini.

Muiteni pia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakague ukumbi. Watawaambia idadi halisi ya watu, mitungi ya kuzimia moto ikae wapi, na kama milango inafunguka kwa nje. Namba yao ya dharura ni 114, iandikeni ukutani karibu na swichi kuu. Upepo wa kusi unapovuma, turubai lisisimamishwe uwanjani kwa kamba zilizofungwa kwenye viti.

Kabla ya Jumamosi ijayo wewe na mlinzi nendeni ukumbini saa mbili usiku, zimeni umeme kwenye swichi kuu, mkatembee mkitoka kwa kila mlango kama mgeni asiyepajua. Kila mahali mtakapopapasa ukuta, wekeni taa ya betri inayowaka yenyewe umeme unapokatika, mkianza na ngazi ya pembeni.